Vuli Iliyotoka Kitabuni

Siku mliyoniaga nilipostaafu mliniletea keki yenye kondoo wa sukari juu yake. Kondoo yule alikuwa na uso wa mbwa wa Kilimani, wale wanaopelekwa saluni kuchanwa nywele. Nilikula sikio lake nikashukuru. Kisha mmoja wenu akasimama akasema, "Mzee Muchiri, kabla hujaenda, tuachie neno moja la hekima kuhusu malisho."

Nikawaambia koo linaniuma. Koo lilikuwa zima kabisa. Nilikuwa nimewaangalia mlivyojipanga mle ukumbini, kila mmoja na simu mkononi, suruali zenu hazina hata doa moja la kijani magotini, nikajiambia kwamba hekima ikitolewa pamoja na soda itateremka na soda.

Sasa ninakaa Woodley kwa binti yangu na nina wakati mwingi kuliko ninavyoweza kuutumia. Kila asubuhi kondoo wa mtu fulani hupita nje ya ua wakikata nyasi za barabarani, kazi ambayo kaunti imeshindwa nayo tangu nihamie hapa. Nikiwatazama ninakumbuka mambo ambayo sikuwaambia. Basi nimeamua kuyaandika, na nitaanza na jambo mnalolijua, au mnalodhani mnalijua.

Kwenye simu zenu kuna ile kanuni ya vidole vinne. Mvua za vuli zikielekea kuisha, kondoo watolewe malishoni wakati nyasi bado zina urefu wa vidole vinne, ili mizizi iwe na majani ya kuilisha wakati wa kiangazi. Kijitabu chetu kina kanuni hiyo ukurasa wa kwanza, na chini yake kuna jina la Daktari Kimotho pamoja na picha yake akiwa ameshika mwanakondoo kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshikie kidogo. Mkaamini ni yake. Siwalaumu, picha ni nzuri. Lakini Daktari Kimotho hakuigundua kanuni hiyo. Aliipiga vita kwa nguvu zake zote, na mimi nilimsaidia.

Wakati huo nilikuwa msaidizi wa malisho palepale mnapofanya kazi nyinyi, kwenye shamba la majaribio ng'ambo ya soko la Dagoretti. Kazi yangu ilikuwa kupima nyasi. Watu wa kwetu walipouliza ninafanya nini serikalini, mama yangu alikuwa akijibu, "Ako ofisini," kwa sababu hakuna mama anayeweza kusimama kanisani aseme mwanawe amesoma hadi kidato cha sita halafu anapima nyasi kwa rula.

Aliyenifundisha kupima alikuwa Madam Kulwant. Yeye ndiye alikuwa mtaalamu mkuu wa malisho, mwanamke wa Kisikh mfupi, mwenye gambuti nyeusi na sauti ya mtu asiyerudia jambo. Familia yao walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, kaka zake wakiuza mabomba na misumari, na walikuwa wamemwekea nafasi nyuma ya kaunta tangu akiwa msichana. Yeye akachagua nyasi. Kaka zake hawajaelewa hadi leo. Kikuyu alikiongea vizuri kuliko wanangu, na akitaka kukukemea alikichagua hicho, ili asiwepo mtu wa kudai hakuelewa.

Wiki yangu ya kwanza alinikuta nimepiga magoti karibu na lango, nimeshika rula, ninaandika kwa bidii.

"Unapima wapi?" akauliza.

"Hapa, Madam."

"Kwa nini hapa?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hapa kulikuwa na kivuli na nyasi zilikuwa zimelala vizuri. Akaniangalia kama mtu anayesoma tarehe kwenye pakiti ya maziwa.

"Hapa ni kwa lango. Hapa unapima miguu ya watu. Kondoo wanakula kule." Akaninyang'anya fremu yangu, ile ya chuma yenye pande nne, akageuka akaipa malisho mgongo, akairusha juu ya bega bila kutazama. "Ikianguka, hapo ndipo unakata. Usichague. Ukichagua, unapima moyo wako."

Siku iliyofuata nilirusha kwa imani kubwa. Fremu ikaingia shingoni mwa kondoo dume mmoja mwenye hasira, naye akaondoka nayo. Mchungaji wetu Parsaloi alimkimbiza nusu saa nzima, na alipompata akaniletea fremu ikiwa imepinda. Akaniambia kwa upole mwingi kwamba ukiwa unapima nyasi, ni vizuri kwanza kuondoa kondoo. Parsaloi alikuwa kibarua, hakuwa na cheti hata kimoja, na kati yetu wote yeye pekee ndiye sikuwahi kumsikia akisema upuuzi.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi miaka kadhaa, Madam, Parsaloi na mimi. Tulikata, tukakausha, tukapima uzito. Wakati wa vuli Madam alitaka kondoo waingie padoki, yaani vipande vya malisho vilivyozungushiwa ua, kimoja baada ya kingine, wale kidogo kisha wahamishwe, kwa sababu nyasi za Kikuyu zikipata mvua na zisiliwe hukimbilia kuwa mashina. Mvua ikianza kukonda, mwanzoni mwa Desemba hivi, alikuwa akienda mwenyewe malishoni, anaweka vidole vinne ardhini kando ya nyasi, anasimama, anamwambia Parsaloi, "Toa." Hakuwa na kitabu. Alikuwa na madaftari yake, na vidole.

Kisha akaja Daktari Kimotho.

Alikuwa ametoka kusoma nchi moja ya baridi huko Ulaya, na alikuwa amerudi na mambo matatu: shahada, makoti mawili mazito ambayo aliyavaa Nairobi hata mchana wa Februari, na tasnifu iliyohusu jinsi kondoo wanavyoathiri nyasi mwishoni mwa majira ya vuli. Aliwekwa kuwa mkuu wetu. Mwezi wa kwanza alituita wote kwenye mkutano akatusomea waraka. Ulisema kwamba kuanzia mwaka huo, mwezi wa Novemba ukianza, kondoo wote watolewe malishoni na kufungiwa zizini hadi masika, ili nyasi zihifadhi nguvu. Aliuandika kwa Kiswahili, jambo ambalo tulimpongeza nalo, na humo ndimo shida ilimozaliwa.

Nyinyi mmesoma, kwa hiyo nitawaeleza polepole. Huko alikosoma, vuli ni mlango wa baridi kali. Siku zinafupika, ardhi inakuwa baridi, nyasi zinaacha kukua. Jani ambalo kondoo analikata mwishoni mwa vuli yao halirudi hadi baridi iishe, na kadiri unavyochelewa kumtoa, ndivyo unavyokosa nyasi mapema mwaka unaofuata. Hayo ni kweli, na wamepima vizuri, sina ugomvi nao. Lakini vuli yetu ni mvua. Novemba ya Dagoretti nyasi hazilali, zinakua hata ukizikanyaga. Neno ni moja, hali ya hewa ni mbili. Daktari alikuwa amepanda ndege na kurudi nyumbani, na vuli yake ikabaki kule kule ilikokuwa.

Madam alinyoosha mkono. "Daktari, kitabu chako hakijakosea. Kinasema mnyama atoke kabla ya wakati mbaya. Kwetu wakati mbaya ni Januari, ni ukame. Tukiwatoa mwanzo wa Novemba, nyasi zitazeeka zikisimama."

Daktari akatabasamu. Alikuwa na tabasamu la kukusaidia. "Madam, kwa heshima zote, hiyo mnafanya ni ya mazoea. Hii ni sayansi."

"Nina vipimo."

"Una madaftari," akasema Daktari. Watu wawili watatu wakacheka. Mmoja wao alikuwa mimi. Sikucheka kwa nguvu, nilicheka kiasi cha kuonekana.

Basi Novemba ikaanza, mvua ikanyesha, nyasi zikainuka, na kondoo wakafungiwa zizini wakitazama chakula chao kupitia ua. Tuliwalisha nyasi kavu tulizoleta kwa lori. Wazieni hilo: lori linapita katikati ya nyasi mbichi zinazofika gotini, limebeba nyasi kavu, linawapelekea kondoo waliofungiwa. Wakulima wa Dagoretti waliokuwa wakipita barabarani walisimama kutazama. Nadhani walifikiri kuna msiba.

Zizi likageuka tope. Kufikia wiki ya tatu kondoo walianza kuchechemea, kwato zikawa zinaoza. Parsaloi alikaa kutwa na kisu na ndoo ya dawa, akikata kwato moja moja. Jioni moja nilimsikia akiongea nao.

"Unawaambia nini?" nikauliza.

"Wananiuliza wamekosa nini," akasema. "Nimewaambia wamuulize Muchiri, yeye ndiye ako ofisini."

Kumbe ofisini kulikuwa na furaha. Nilikuwa ninapima urefu wa nyasi kila wiki, na kila wiki urefu ulikuwa umepanda, na Daktari alichora grafu inayopanda kama ngazi akaibandika ukutani. Ni kweli nyasi zilikuwa ndefu. Hata shamba lililoachwa na mwenyewe huwa na nyasi ndefu. Nilipiga magoti, nikazifungua kwa mikono, nikaona chini kumekuwa njano, majani ya chini yameoza kwa kukosa mwanga, machipukizi mapya hayapo. Nilijua ninachokiona. Fomu ya Daktari ilikuwa na safu moja tu, ya urefu. Nikajaza urefu.

Madam hakujaza. Alichukua kondoo wachache walio wazima, akamwambia Parsaloi awaingize padoki namba saba, ile iliyo karibu na barabara, wale kwa zamu kama kawaida, na mwanzoni mwa Desemba akaenda na vidole vyake akawatoa. Hakuficha. Alikuwa anapita nao mbele ya ofisi saa nne asubuhi. Lakini Daktari hakuwa mtu wa kutoka nje, hasa wakati wa tope, na ikamchukua hadi Januari kugundua kwamba alikuwa na kondoo waliokula.

Aliniita ofisini. Madam alikuwa likizoni, mpwa wake alikuwa anaolewa. Koti zito lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, na mezani kulikuwa na karatasi moja iliyochapwa tayari.

"Muchiri, wewe ni mtu mwenye kuona mbali," akasema. "Soma, kisha utie sahihi."

Karatasi ilisema mambo mawili. La kwanza, kwamba Madam Kulwant aliamuru kondoo waingizwe padoki namba saba kinyume cha waraka. Hilo lilikuwa kweli na mwenyewe hangelikana. La pili, kwamba mimi, msaidizi wake, nimeshuhudia kwa miaka kadhaa akibadilisha vipimo ili vikubaliane na maoni yake. Hilo lilikuwa uongo. Lilikuwa uongo mkubwa, kwa sababu yule mwanamke alikuwa amewahi kunirudisha malishoni mara tatu kwa siku moja kwa ajili ya tarakimu niliyoiandika kwa mwandiko mbaya.

"Hii ya pili, Daktari," nikasema.

"Ni maneno ya kawaida ya barua. Kuna nafasi ya msaidizi mkuu inajazwa mwezi huu, unajua?"

Ningependa kuwaambia kwamba nilifikiria kumwokoa Parsaloi asifukuzwe, au kwamba nilikesha siku mbili nikiomba. Nilitia sahihi palepale, kwa kalamu yake. Ilikuwa kalamu nzuri.

Madam aliporudi kutoka harusini, mikono bado ina hina, akakuta barua ya uhamisho. Alikuwa amepelekwa makao makuu mjini, kwenye stoo ya mbegu za zamani, ghorofa ya tano. Hakuja kuniuliza. Alikusanya madaftari yake, akayaweka kwenye sanduku la mabomba lenye jina la duka la kaka zake, akaingia kwenye gari. Parsaloi ndiye aliyembebea sanduku. Mimi nilikuwa nyuma ya jengo, nikiwa na kazi muhimu sana ya kusubiri gari liondoke.

Februari tukawa na siku ya wakulima. Daktari aliwaalika watu kutoka Dagoretti, Kikuyu na Ngong, pamoja na wakubwa kutoka makao makuu, waje wajionee malisho yaliyohifadhiwa. Kiangazi kilikuwa kimeshika. Padoki zetu zilikuwa na nyasi hadi gotini, rangi ya mkate uliokauka, na upepo ukipita zilitoa sauti kama karatasi. Hema likasimamishwa. Daktari alisimama na kipaza sauti akaeleza tasnifu yake, na baada ya saa nzima akasema, "Na sasa tutawafungulia kondoo, ili mjionee wenyewe."

Mbele kabisa alikuwa amekaa Mama Njambi, anayefuga kondoo karibu na vichinjio vya Dagoretti. Alikuwa mama mnene mwenye kofia ya sufu, na wanunuzi wa mifugo walimwogopa kuliko walivyowaogopa askari wa jiji. Parsaloi akafungua zizi.

Kondoo wakatoka. Wakaingia kwenye zile nyasi. Mmoja akanusa, akang'oa shina moja, akalitafuna mara mbili, akalitema. Wengine hawakujaribu hata kutema. Walisimama tu, wameinua vichwa, kama watu walioingia hotelini wakakuta viti vimepinduliwa juu ya meza. Kisha yule dume mwenye hasira, ambaye sasa alikuwa mzee lakini bado ana hasira, akageuza kichwa upande wa barabara. Akaona padoki namba saba.

Namba saba nayo haikuwa kijani kama Novemba, nisiwadanganye. Lakini ilikuwa imejaa majani, mafupi, mengi, yamefunika ardhi, na chini yake bado kulikuwa na ubichi. Dume akatembea hadi kwenye ua. Wengine wakamfuata. Wakaegemea wote kwa pamoja, bila fujo, na ua ukalala chini. Wakaingia, wakainamisha vichwa, na kimya kikawa kikubwa kiasi kwamba hema zima lilisikia wakikata.

Daktari akakisogeza kipaza sauti. "Kondoo wamepata msongo kwa sababu ya wageni," akasema.

Mama Njambi akainuka. "Daktari, nauliza. Wakipata msongo, huwa wanajua kuchagua hivyo?"

Watu wakacheka, na safari hii mimi sikuwa miongoni mwao. Mama Njambi akatembea hadi namba saba, akainama kwa shida, akapitisha vidole kwenye nyasi, akauliza kwa sauti, "Hii ni kazi ya nani?"

Daktari akasema ni sehemu ya jaribio. Parsaloi akaniangalia. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya nguzo ya ua ulioanguka. Nilikuwa na cheo kipya cha siku tisa. Nikainamisha kichwa nikaandika kitu kwenye daftari langu. Nadhani niliandika tarehe.

Wiki iliyofuata nilienda mjini. Jengo la makao makuu lilikuwa na lifti iliyokufa, nikapanda hadi ghorofa ya tano kwa miguu nikifanya mazoezi ya hotuba yangu. Nilimkuta Madam kwenye chumba chenye rafu nyingi, amevaa miwani, anapanga bahasha za mbegu ambazo nyingi zilikuwa na umri wa kustaafu. Gambuti alikuwa amezivaa. Ghorofa ya tano, zulia chini, na gambuti.

"Shikamoo, Madam," nikasema.

Hakuitikia. Watu wa Nairobi hatusalimiani hivyo sana, nilikuwa nimejipanga kuonekana mnyenyekevu, na yeye alijua. "Kondoo wanaendeleaje na kwato?" akauliza.

Nikamweleza. Nikamweleza pia habari za siku ya wakulima, na yule dume, na ua, na Mama Njambi. Nilipofika kwa Mama Njambi alitabasamu kidogo, kisha akarudi kwenye bahasha.

"Ulipima namba saba baada ya hapo?"

"Hapana, Madam."

"Kwa nini?"

Nikaona ni wakati wa hotuba. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, kwamba nilikosea, kwamba nilikuwa na watoto shuleni, kwamba Daktari alinishurutisha. Akanisikiliza hadi mwisho. Akavua miwani.

"Alikushikia bunduki?"

"Hapana."

"Sasa sikiliza. Msamaha umeniletea kwa mdomo. Uongo uliupeleka kwa karatasi, na uko ndani ya faili langu chini hapo ghorofa ya pili. Faili halina masikio, Muchiri." Akaisukuma bahasha moja kando. "Miaka yote ile nilikata nyasi kwa mvua na kwa jua. Daktari akisema ni upuuzi, ni sawa, tutabishana. Lakini mtu akifungua faili, anaona kwamba aliyenifahamu kuliko wote amesema nilidanganya. Basi kila kitu nilichopima hakipo. Unaelewa umefuta nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Ninaona aibu kusema kwamba hadi wakati ule nilidhani nimemnyima kiti tu.

Sikurudi moja kwa moja Dagoretti. Niliingia kwenye duka la kuchapa barua, nikaandika ukurasa mmoja. Nikaandika kwamba jambo la pili katika taarifa yangu ya awali ni uongo, kwamba nililijua kuwa uongo nilipotia sahihi, na kwamba vipimo vya Madam Kulwant ndivyo vipimo vya kweli kuliko vyote nilivyowahi kuviona, pamoja na vyangu. Nikatia sahihi kwa kalamu ya yule mama wa duka, iliyokuwa inavuja. Kisha nikaenda kumwonyesha Daktari kabla ya kuipeleka, kwa sababu nilikuwa nimechoka kujificha nyuma ya majengo.

Alisoma mara mbili. "Muchiri, hii haitamharibia yeye. Itakuharibia wewe. Unakubali kwamba ulidanganya serikali."

"Ndiyo, Daktari. Nilidanganya."

"Na cheo?"

"Nimekikalia siku chache tu. Bado hakijapata joto."

Ningependa kusema nilitoka mle nikitembea kama shujaa. Nilitoka nikaisahau barua mezani kwake, ikabidi nirudi kuichukua. Barua ilifika, ikapigwa mhuri, nami nikarudishwa daraja langu la zamani na onyo la maandishi. Nilibaki daraja hilo hadi siku ya keki. Najua mlikuwa mkinong'ona kwamba Mzee Muchiri hakupanda kwa kukosa kusoma. Nilikuwa nawasikia, masikio yangu yako sawa, na niliwaacha mnong'one kwa sababu maelezo ya kweli yalikuwa mabaya zaidi.

Daktari Kimotho naye hakupata hasara. Watu wa namna yake wakianguka huangukia juu. Alihamishiwa makao makuu na kupewa ofisi yenye zulia nene zaidi, na miaka kadhaa baadaye akatoa kile kijitabu chenu. Vidole vinne vimo, vimeelezwa vizuri, na waraka wake wa Novemba haumo. Sijui kama aliusahau. Nilimwandikia kumkumbusha mwenye vidole, hakunijibu. Ndiyo sababu ninawaandikia nyinyi, mnaofundisha wakulima kutoka humo. Mkifika kwenye ukurasa wa kwanza, semeni jina lake: Kulwant. Haliwagharimu pumzi.

Ile barua ilikaa mahali fulani miezi minane. Halafu asubuhi moja ya Oktoba, mvua za kwanza za vuli zikiwa zimeanza, gari likaingia shambani. Hakukuwa na barua ya kueleza wala mtu wa kumkaribisha, mkuu mpya alikuwa hata hajui kwamba anakuja. Madam akashuka na lile sanduku la mabomba. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu.

Nilisimama pale nikiwa na maneno yangu tayari. Akanipita. Alienda moja kwa moja hadi padoki ya tatu, akapiga magoti kwenye majani yenye maji, akaweka mkono chini. Parsaloi alikuja akasimama kando yake, wakasalimiana kwa Kikuyu, wakacheka jambo ambalo sikulisikia.

Kisha akaniita bila kugeuka.

"Muchiri. Hapa kumeliwa sana, na kule nyuma hakujaliwa kabisa. Ni nani anayepanga hii zamu?"

"Ni mimi, Madam."

"Inaonekana," akasema. Akafungua sanduku, akatoa daftari jipya na mkasi, akaninyooshea mkasi. "Anza kona ile. Na usiniandikie tarakimu mbaya."

Nikaenda nikapiga magoti.